Mlio wa Kitanda cha Shemeji

Mwezi wa saba ule shemeji yangu alijifunza kulala bila kujigeuza. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, kaka yangu alikuwa mlimani akibeba mizigo ya wageni, na kila shemeji alipotaka kuhamia ubavu wa pili, kitanda kililia na mtoto akaamka. Mtoto akishaamka, kumlaza tena ilikuwa kazi ya nusu siku. Basi shemeji akawa analala chali, mikono kifuani, macho darini, akingoja mgongo ufe ganzi.

Haya yote niliambiwa na mama jikoni. Mimi sikuwa nimeyaona, kwa sababu kijana kama mimi haingii chumba cha mzazi. Kwetu huku Masama mwanamke aliyezaa hukaa ndani miezi ya kwanza, hasa kama ni mtoto wa kwanza. Hachoti maji, hakati majani ya ng'ombe, hapiki. Mama mkwe ndiye anayempikia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na kumpelekea maziwa, ndiye anayemkanda na kumfunika asipate baridi. Kazi ya mzazi ni kula, kunyonyesha na kulala. Siku akitoka nje, watu wanamtazama yeye kwanza, halafu wanamtazama mama mkwe. Akiwa amenawiri wanampongeza mama mkwe. Akiwa amekonda hawasemi kitu, na kutosema huko ndiko kubaya zaidi.

"Anakula vizuri," mama aliniambia. "Bakuli linarudi jeupe. Lakini halali. Asipolala maziwa yatatoka wapi?"

Alikuwa anamenya ndizi, na kisu kilikwenda kwa kasi kuliko kawaida yake.

"Jana amempigia mama yake simu. Sauti ilikuwa kubwa, wala sikuwa nasikiliza kwa makusudi."

"Amesema nini?"

"Anakuja Jumamosi kutoka Tarakea. Akikuta mwanawe bado halali, anamchukua akalale kwao." Akatupa ganda kwenye ndoo ya ng'ombe. "Mzazi wangu, ndani ya nyumba yangu, achukuliwe kama mgonjwa aliyeshindikana hospitali. Jumapili nitapita wapi kwenda kanisani?"

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mimi si mtu wa kusema sana. Nilimaliza darasa la saba nikabaki nyumbani na ng'ombe na migomba, na hata haya ninayaandika polepole, neno moja nalitazama kabla sijaweka jingine. Lakini kitu kikitoa sauti siwezi kukiacha. Nataka kujua sauti imeanzia wapi. Bomba la maji likivuma nitalifuata mpaka kwa jirani. Bati likigonga wakati wa upepo nitatoka nje nitafute msumari uliolegea, hata kama mvua inanyesha na hata kama bati si letu.

Kitanda chenyewe nilikijua vizuri. Kilitokana na mgrevilea uliokuwa ukiifunika kahawa kwa kivuli, upande wa juu wa kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Kaka aliukata alipojua kwamba mkewe ana mimba. Tulipasua mbao, akazipeleka Moshi kwa fundi, kikarudi kitanda cha futi tano kwa sita chenye maua yaliyochongwa kwenye ubao wa kichwani. Siku kilipofika kaka alipanda juu akaruka kama mtoto. Hakikulia. Hilo ndilo lililonisumbua. Kitanda kilinyamaza kaka alipokirukia na viatu vyake vya mlimani. Kwa nini kililie mwanamke mwembamba anayejigeuza?

Nyumba yetu ni ya mbao. Niliona kwamba kama mimi siwezi kuingia chumbani, sikio langu linaweza kukaa nje. Alasiri ile nilizunguka nyuma ya nyumba, nikasimama katikati ya migomba, ukungu ukidondoka kwenye majani, nikaweka shavu ukutani. Mbao zilikuwa baridi. Ndani nilimsikia mama akiingia.

"Mama," niliita kwa sauti ya chini, "bonyeza upande wa kichwani."

"Nimebonyeza."

Kimya.

"Bonyeza katikati."

"Katikati kuna mtoto. Nimbonyeze na yeye?"

"Basi miguuni. Upande wa huku ukutani."

Ng'iiii. Ulikuwa mlio mrefu, ulianza juu ukashuka, kama mlango unaofunguliwa na mtu anayeogopa kuamsha wenzake. Niliusikia kwa sikio na nikausikia kwa mfupa wa shavu. Mtoto akaanza kulia.

"Umesikia?" mama aliuliza.

"Nimesikia. Rudia kidogo."

"Nirudie?"

Hapo nikaisikia sauti ya shemeji, ya kuchoka lakini yenye kicheko ndani yake. "Mama, mwambie shemeji aridhike na hiyo moja."

Nilitaka kuondoka. Shemeji akaongeza, "Asubuhi huwa afadhali." Nililisikia neno hilo nikaliacha pale pale kwenye migomba. Nilikuwa nafikiria kona moja tu, ya miguuni, upande wa ukuta, na nilifurahi kuipata kana kwamba kuijua kona ni sawa na kuitengeneza.

Jioni mama aliichukua simu yangu akaurekodi mlio ule shemeji alipojigeuza mwenyewe. Kesho yake nilishuka nao Moshi kwa fundi.

Karakana yake iko kando ya barabara, chini ya mabati, na alikuwa na vijana kadhaa wanaopiga randa na msasa. Nilisimama karibu na rundo la miguu ya meza nikingoja anione. Mimi nikifika mahali penye watu wengi husubiri kuonwa.

"Karibu mdogo wangu," hatimaye alisema. "Wewe si ndiye mdogo wake yule wa Masama? Kitanda kinasemaje?"

"Kinalia."

Randa zikasimama.

"Kinalia," fundi alirudia. "Kaka yako yupo?"

"Yuko mlimani."

"Sasa kama kaka yuko mlimani, kinalia na nani?"

Walicheka wote. Kijana mmoja aliweka msasa chini ili acheke kwa nafasi. Masikio yangu yalipata moto. Tatizo langu nikiona aibu ni kwamba nafanya jambo la kwanza linalonijia, na jambo la kwanza lilikuwa simu. Niliitoa mfukoni nikaufungulia ule mlio, sauti ya mwisho kabisa.

Ng'iiii. Kimya kidogo. Ng'iiii.

"Rudia hapo," alisema yule wa msasa, machozi yakimtoka. "Hapo anapokata kona."

Sikujua niizime vipi kwa haraka, ikaendelea. Mtoto akaanza kulia ndani ya simu, kile kilio chembamba cha mtoto mchanga, na sauti ya mama ikasema, "Pole mwanangu. Pole. Kaa hivyo hivyo, usigeuke."

Kicheko kikapungua chenyewe, mmoja mmoja, mpaka ikabaki sauti ya gari barabarani.

"Ni mzazi?" fundi aliuliza.

"Ni mzazi. Halali."

"Sasa mbona hamsemi mapema jamani," aliwaambia wale vijana, kana kwamba wao ndio waliokuja na simu. Alifuta vumbi sikioni kwa kidole, akaichukua simu, akasikiliza tena akiwa ameinamisha kichwa. "Hiyo ni nati imelegea. Kaza nati zote, paka mshumaa kwenye maungio. Au kilete hapa nikikaze mwenyewe."

"Hakiwezi kuja. Yeye yuko juu yake."

"Kweli." Akanipa spana. "Hii uirudishe. Mwambie kaka yako hongera."

"Mbona kilipofika hakikulia?"

"Mbao ina mambo yake," alisema, akarudi kwenye kazi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na jibu lile mkononi pamoja na spana. Mbao ina mambo yake. Mambo gani?

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Mama alimfunga shemeji kwa khanga na sweta juu ya sweta, akamfunika mtoto mpaka ikabaki pua, wakapanda bajaji iliyoitwa mpaka mlangoni. Kabla hajakaa mama aliniambia, "Sasa chumba kitupu. Ingia ufanye kazi yako. Na kila kitu kirudi kilipokuwa."

Niliingia kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Kulikuwa na harufu ya maziwa na mafuta ya mtoto. Nilitoa godoro nikaliegemeza ukutani, nikatoa chaga, zile mbao nyembamba zinazobeba godoro. Chini ya kona ya miguuni, upande wa ukuta, nilikuta karai la majivu lenye mawe makubwa matatu ndani yake.

Mawe hayo niliyajua. Mwezi wa saba huku juu baridi haina huruma, na jua linaweza kukataa kutoka hata siku kadhaa. Mama alitaka kuweka jiko la mkaa chumbani, nesi akamkataza, akamwambia hewa yake haionekani na inaua watu usingizini. Mama hakubishana na nesi. Alirudi nyumbani, akachagua mawe mtoni, akawa anayapasha kwenye moto wa kuni jikoni, anayabeba kwa karai la majivu mpaka chini ya kitanda cha mkwewe. Hakuna moshi, hakuna moto, joto tu. Alijivunia mawe yale. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walipokuja kumwona mtoto, aliwainamisha mmoja mmoja wayaone.

Nililisukuma karai pembeni, nikalala chali chini ya kitanda na spana. Nati zilikuwa zimekazwa. Moja tu ilikubali kuzunguka kidogo sana. Nikatoka, nikarudisha chaga na godoro, nikakaa kwenye ile kona nisikie mlio. Kimya. Nikakaa kwa kujitupa. Kimya. Basi nikafanya jambo ambalo niliomba asiingie mtu wakati nalifanya: nililala kwenye kitanda cha kaka yangu na mkewe, nikajigeuza kulia, nikajigeuza kushoto, nikajigeuza polepole kama mtu mwenye mtoto ubavuni. Hakikusema hata neno.

Kuna tabu ya ajabu katika kutengeneza kitu ambacho kwa wakati huo ni kizima. Unajua kinaumwa, lakini hakikuonyeshi panapouma. Nilipaka mshumaa kila mahali palipokutana mbao na mbao, kisha nikatii alivyosema mama. Kila kitu kikarudi kilipokuwa. Karai nalo nikalirudisha pale pale, hata nikaangalia alama ya majivu sakafuni ili lisikosee.

Waliporudi, shemeji alilala akajigeuza na kitanda kikanyamaza. Mama alitoka chumbani anatabasamu. Alinituma majani ya ng'ombe kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Jumatatu, na nilipokuwa nayakata nilijiona fundi.

Alasiri mama alikuja mpaka bandani. Nilikuwa namwaga maji kwenye hori.

"Kimeanza," alisema.

Niliweka ndoo chini. Hata leo nakumbuka kwamba sikusikitika kwanza. Nilishangaa kwanza. Asubuhi kizima, alasiri kinaumwa. Kitu gani kinakipata katikati? Na hapo ndipo neno la shemeji lilinirudia kutoka kule migombani.

"Mama, kabla hakijaanza ulifanya nini?"

"Mimi? Nimpe chakula, nifanye nini kingine?"

"Na kabla ya chakula?"

"Nimemwekea mawe. Alitoka kliniki anatetemeka."

"Asubuhi huweki?"

"Asubuhi yamepoa. Nayapasha mchana, na jioni tena." Alinitazama. "Kwa nini?"

Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na hakika, na kumwambia mama jambo kama lile bila hakika nilikuwa siwezi. Nilikwenda nyuma ya banda, mahali yalipobaki mapande ya mgrevilea ule ule. Nilichagua vipande viwili vilivyonyooka, nikavilaza pamoja ubavu kwa ubavu mpaka mwanga haupiti katikati, nikaingia navyo jikoni. Kimoja nilikisogeza karibu na mafiga ya jikoni, si kwenye moto, mahali ambapo mkono unavumilia. Kingine nilikiacha mlangoni kwenye baridi. Nikakaa kwenye kigoda nikatazama.

Mama aliingia na sufuria. "Unachoma mbao kama ndizi?"

"Nazitazama."

"Zinafanya nini?"

"Bado."

Aliweka mtori jikoni, akakoroga, akawa ananitazama mimi ninavyotazama mbao. Baada ya muda kile kipande cha karibu na moto kikatoa sauti ndogo, tik, kama mtu anayevunja kidole. Nilikichukua nikakilaza tena ubavuni mwa mwenzake. Hapo awali vilikuwa vimeshikana. Sasa kilikuwa kimejikunja kidogo kuelekea upande uliopata joto, na kule mwishoni ungeweza kupitisha ukucha. Mti ule ulikatwa wakati wa mvua ukapasuliwa mbichi. Mbao zilionekana kavu lakini ndani bado zilikuwa na maji yake, na kila mchana mawe yalikuwa yanaukausha ubavu mmoja wa kitanda, unajikunja, unajivuta kwenye kiungo, halafu unasuguana na mguu. Usiku ukungu unaingia, ubao unalewa unyevu tena, asubuhi umekaa mahali pake kama haukufanya kitu.

Nilimwonyesha mama. Alivichukua vipande vyote viwili akavielekeza mlangoni kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe mama. Ni mawe."

"Mawe hayaendi yenyewe chumbani."

Mtori ulikuwa unachemka na hakuukoroga. Kisha akaketi, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na sufuria, "Mimi nilipomzaa kaka yako, mama mkwe wangu aliniwekea moto. Moto hasa, kuni, karibu kabisa. Na kitanda hakikulia."

"Kilikuwa kitanda gani?"

"Cha fito. Kimefungwa kwa kamba za mgomba."

"Hakuna msumari?"

"Msumari wa nini? Fito zote zimezungushiwa kamba. Ukijigeuza kinasogea tu, kinarudi."

Nilitamani kukiona kitanda kile. Nilimuuliza kamba zilipita wapi, zilikuwa nene kiasi gani, fito ziligusana au hazikugusana. Mwanzoni alijibu kwa uvivu, baadaye akawa anaonyesha kwa mikono na mwiko. Fito hazikugusana. Kila mahali kamba ilikaa katikati. Hapo nikaelewa kwamba kinachopiga kelele ni mbao kusugua mbao, na nta ya mshumaa wangu ilikuwa nyembamba mno kuzitenganisha.

"Mama, nikiweka ganda kavu la mgomba pale kwenye viungo, halafu nikakaza?"

"Na mawe?"

"Mawe yasikae chini ya kitanda."

"Kwa hiyo apate baridi."

"Sijasema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema." Akainuka. "Kamuulize mwenyewe kama anataka baridi."

Alijua siwezi. Lakini alikwenda mwenyewe, nami nikabaki sebuleni upande wa huku wa pazia, na nikasikia akimwambia shemeji habari yote, vipande vya mbao, fito na kila kitu, bila kuficha mahali alipokosea.

"Mama," shemeji alisema, "yale mawe mimi yananiunguza nyayo nikilala. Baridi inanipata miguuni, ninapokaa kwenye kiti kunyonyesha."

"Mbona hukusema?"

"Unavyoyabeba kutoka jikoni, yamoto hivyo, ningesemaje?"

Pazia likafunguliwa, mama akatoka, akaniambia, "Kesho asubuhi. Atakaa kwenye kiti, wewe utatengeneza. Utaingia na macho yako chini."

Ijumaa nilichagua maganda ya mgomba yaliyokauka vizuri yakiwa bado shinani, yale laini yanayofanana na ngozi. Niliyakata vipande, nikaingia chumbani na macho chini kama nilivyoagizwa. Kwa hiyo jambo la kwanza nililoliona ni karai la mawe mbele ya kiti, na miguu ya shemeji imefunikwa blanketi karibu nalo. Alikuwa ameelekea dirishani na mtoto kifuani. Mama alikaa mlangoni kama askari.

Nililegeza nati, nikatenganisha ubavu na mguu wa kitanda, na hapo nikaiona ile sehemu iliyokuwa inalia. Mbao ilikuwa imesuguana mpaka ikang'aa, doa dogo kama ukucha wa kidole gumba. Nililigusa. Niliwaza kwamba doa lile ndilo lililokuwa linamleta mtu kutoka Tarakea.

"Shemeji," sauti ilisema kutoka kwenye kiti.

"Naam."

"Jumanne ulikaa ukutani muda mrefu?"

"Ndiyo."

"Nilikusikia unapumua kabla mama hajaingia. Nikadhani ng'ombe amefungua kamba."

Mama alicheka mlangoni mpaka akajishika mbavu. Mimi nilicheka chini ya kitanda, ambako hakuna aliyeniona. Nikaweka ganda la mgomba likiwa limekunjwa mara mbili kati ya ubavu na mguu, nikakaza mpaka likaminywa kabisa, nikafanya hivyo kwenye viungo vyote, na chini ya chaga nikatandika ganda jingine jembamba. Kisha nikamwomba mama apashe mawe mengine ayaweke chini ya kitanda, pale pale pa zamani, kwa saa chache tu.

"Umesema yasikae."

"Nataka kujua."

"Ataniua huyu," mama alimwambia shemeji, lakini akaenda kuyapasha.

Alasiri shemeji alilala, akajigeuza. Niliweka shavu ukutani kule nje. Nilisikia blanketi, nikasikia mama akisema, "Tena," nikasikia blanketi. Basi. Mawe yakatolewa, yakarudi mbele ya kiti.

Mama yake shemeji alifika Jumamosi kabla ya mchana. Alikuwa mama mrefu mwenye kilemba, amebeba mfuko mkubwa usio na kitu ndani. Nilimpokea barabarani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mgonjwa wangu yuko wapi?"

Mama alikuwa amesimama barazani amevaa nguo za kanisani. "Karibu mkwe. Mgonjwa hatuna. Tuna mzazi, na amelala."

"Amelala au amejilaza?"

"Ingia umwone."

Aliingia mpaka kwenye pazia, akalivuta kidogo, akasimama. Alisimama muda mrefu na mfuko wake begani. Kutoka sebuleni nilimwona shemeji kwa nyuma tu, amelala ubavu, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Nilisahau kuinamisha macho. Kisha akajigeuza mzimamzima, kama gogo linaloviringishwa, akaelekea upande huu, mdomo wazi kidogo. Nikangoja mlio, na mama yake naye, nadhani, alikuwa anaungoja. Hakuna kilichosikika.

Yule mama akaachia pazia, akarudi kukaa.

"Nitangoja aamke," alisema.

Mama akaleta chai. Wakazungumza habari za mahindi ya kule Tarakea na bei za mpakani, na kila mmoja alikuwa anasikiliza chumbani. Mtoto akaamka, mama akamchukua kabla hajapaza sauti, akamweka mikononi mwa bibi yake. Shemeji hakuamka. Bibi alimwimbia mjukuu kwa sauti ya chini sana. Chai ikarudiwa. Jua likatoka kidogo likaingia tena. Mtoto alipoanza kutafuta titi kwenye sweta la bibi ndipo pazia likafunguka, shemeji akatoka na alama za mto shavuni.

"Mama, umekuja saa ngapi?"

"Jana," mama yake alisema.

Shemeji aliamini kwa kitambo, nikamwona akihesabu kichwani, halafu wote watatu wakacheka.

"Nimekuja na mfuko wa nguo zako," mama yake alisema walipotulia. "Twende?"

Mama alikuwa anakusanya vikombe. Hakugeuka, lakini vikombe viliacha kugongana.

Shemeji alimpokea mtoto, akakaa, akamweka kwenye titi. "Nikaanze kujifunza kitanda kingine?" alisema. "Acha nilale hapa hapa kwanza."

Mama alivipeleka vikombe jikoni na alikaa huko muda mrefu kuliko vikombe vilivyohitaji. Alirudi na mkungu wa ndizi za mtori na chupa ya maziwa, akavipanga ndani ya ule mfuko mkubwa mpaka ukajaa, na mama yake shemeji akamwacha aupange.

Magari ya kurudi Tarakea hayangoji mtu, kwa hiyo nilimsindikiza barabarani nikiwa nimeubeba mfuko. Tulipofika kituoni alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Wanasema wewe ndiye uliyesikiliza ukutani."

"Ndiyo mama."

"Cha kwangu nacho kinalia. Miaka mingi sasa. Baba yao ananiambia ni uzito wangu."

Nilisahau haya zangu. "Kinalia wakati gani?"

Akafikiri. Gari lilikuwa linakuja likipiga honi. "Unajua sijawahi kuangalia," alisema, akapanda, na alipokaa dirishani niliona bado anafikiri.